Breki Inayorudia Tatizo Lilelile: Uanze na Joto, Gurudumu au Mafuta?

Gari limetoka gereji likiwa na pedi mpya, na kabla miezi miwili haijaisha gurudumu la mbele upande wa kushoto linatoa tena harufu ya kuungua. Gari jingine limetolewa upepo kwenye breki, pedeli ikasimama juu na kuwa ngumu, kisha baada ya siku chache ikaanza kuzama tena. Kwa kawaida marudio ya namna hii yana maana moja: kilichobadilishwa kiliharibiwa na kitu kingine ambacho bado kimo ndani ya gari. Pedi iliyoliwa vibaya ni dalili tu, na mtu anayenunua pedi ya tatu bila kuuliza kwa nini ya pili iliisha upesi hivyo ataendelea kununua pedi.

Mwenye gari anayetaka kutafuta chanzo mwenyewe, uani kwake, ana njia tatu. Anaweza kuliendesha gari na kulinganisha joto la magurudumu; anaweza kufungua gurudumu, akachunguza na kupima vipuri; au anaweza kuipima presha ya mafuta ya breki kuanzia pedeli hadi kwenye kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Zote tatu hufanyika nyumbani, zote zinafaa, lakini hazijibu swali moja, na wengi hupoteza siku nzima kwa sababu wameanza na njia isiyolingana na tatizo lao.

Jambo moja litangulie yote. Ikiwa pedeli inafika sakafuni, ikiwa mafuta yanavuja mahali panapoonekana, au taa nyekundu ya breki haizimiki hata baada ya kuachilia hendibreki, gari hilo lisiendeshwe kwa ajili ya jaribio lolote. Njia ya kwanza inafutika hapo hapo, na kinachobaki ni kuchunguza gari likiwa limesimama au kumwita fundi alifuate lilipo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ni swali ambalo njia inalijibu: je, inakuambia ni gurudumu gani, ni kipuri gani, au ni kwa nini? La pili ni vifaa na mahali panapohitajika. La tatu ni hatari kwa mtu anayechunguza. La nne, ambalo kwa tatizo linalorudia nalipa uzito kuliko mengine, ni uwezo wa kulikamata tatizo linalokuja na kuondoka, kwa maana breki nyingi hukwama zikiwa moto na kujiachia zikipoa, hivyo gari linapofika gereji asubuhi inayofuata fundi haoni chochote.

Mazingira yetu pia yana sauti katika uchaguzi huu. Vilima vya Kampala na msongamano wake huzipa breki joto lisilopoa, vumbi jekundu la barabara za changarawe huingia kwenye pini za kalipa kila mpira wa kuzikinga unapochanika, na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hugeuza vumbi hilo kuwa tope linalogandana. Zaidi ya hayo, magari yetu mengi yametumika kwanza Japani. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini gari lililoingia likiwa na miaka 12 linaweza kuwa bado na hozi za mpira za kupitisha mafuta ya breki lilizotoka nazo kiwandani. Hozi hizo hazionekani mbaya kwa nje, na ndizo zinazosahauliwa zaidi.

Njia ya kwanza: kuendesha na kulinganisha joto

Swali linalojibiwa hapa ni gurudumu gani lina tatizo, na je, tatizo lipo wakati breki haikanyagwi? Chagua barabara tambarare yenye magari machache na isiyo na matuta mengi, uendeshe kilomita kumi hivi ukigusa breki kidogo kadiri usalama unavyoruhusu, kisha uliache gari lipunguze mwendo lenyewe kwa gia hadi karibu na kusimama. Shuka mara moja ulinganishe gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja. Usilinganishe la mbele na la nyuma, kwa sababu breki za mbele hubeba kazi kubwa zaidi na huwa na joto zaidi hata gari likiwa zima kabisa. Tofauti ya nyuzi chache haina maana. Lakini diski moja ikisoma nyuzi 50 na mwenzake 120, umeshajua pa kutazama.

Kifaa kinachofaa ni kipimajoto cha miale kinachoelekezwa bila kugusa. Kile cha kupima joto la paji la uso, ambacho nyumba nyingi zilikinunua wakati wa UVIKO-19, hakifai, kwa kuwa hakikutengenezwa kusoma zaidi ya joto la mwili wa binadamu. Elekeza kipimajoto sehemu ileile kila upande, na ikiwezekana sehemu ya diski yenye rangi iliyofifia au kutu, kwa sababu chuma kinachong'aa hukifanya kisome joto la chini kuliko la kweli. Asiye na kipimajoto anaweza kusogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa, au kudondosha matone machache ya maji juu ya kitovu cha gurudumu na kusikiliza. Diski yenyewe isiguswe wala kumwagiwa maji.

Safari hiyo hiyo inatoa habari nyingine kwa anayeisikiliza. Gari linalovutwa upande mmoja hata bila breki kukanyagwa mara nyingi huvutwa kuelekea gurudumu lililokwama. Gari linalovuta tu wakati wa kufunga breki huenda upande wenye breki nzuri, na mgonjwa yuko upande wa pili. Kosa la kuchanganya hali hizi mbili huwafanya watu wafungue kalipa isiyo na hatia. Ikumbukwe pia kwamba barabara huinamishwa pembeni ili maji yatiririke, nasi tukiendesha kushoto, gari zima nalo huelekea kushoto kidogo. Mtetemo unaosikika kwenye usukani kwa kawaida hutoka mbele, na ule wa kwenye kiti hutoka nyuma.

Hatari ya njia hii iko barabarani zaidi kuliko mikononi, yaani kuendesha gari lenye breki inayotiliwa shaka. Udhaifu wake ni kwamba haisemi kwa nini. Gurudumu lenye moto linaweza kuwa na kalipa iliyokwama, hozi iliyoziba, kebo ya hendibreki isiyorudi, au hata beringi iliyochakaa, ingawa beringi kwa kawaida hujitangaza kwa mvumo unaoongezeka na mwendo. Kwa upande mwingine, hakuna njia inayolikamata vizuri kuliko hii tatizo linalotokea tu gari likiwa limepata moto. Inamfaa mtu asiye na vifaa vingi, mpangaji asiye na ua wake, na yeyote ambaye fundi amemwambia, "Mbona halina kitu?"

Njia ya pili: kufungua gurudumu na kupima

Hapa swali ni kipuri gani kimeharibika na kimeharibika kwa namna gani. Inahitaji jeki, stendi mbili za kuliegemeza gari, spana za kawaida, brashi ya waya, kipimo cha milimita, na sakafu ngumu iliyo sawa. Asiye na sakafu hiyo aiache njia hii. Jeki kwenye udongo uliolowa huzama, na tofali la saruji hupasuka ghafla bila onyo. Wala mtu yeyote asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi pande zote mbili, hasa unapochunguza ya nyuma, kwa sababu itabidi uachilie hendibreki.

Kabla ya kufungua chochote, weka gia huru, lizungushe gurudumu kwa mkono, umwombe mtu akanyage breki na kuiachia, kisha ulizungushe tena. Mkwaruzo mwepesi wa pedi ni kawaida. Gurudumu linalozunguka kabla ya breki kukanyagwa na kugoma baada ya kuachiwa limekupa taarifa kubwa bila hata kufungua nati moja ya kalipa.

Ukishatoa pedi, zisome. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi wa sehemu inayosugua, na mafundi waangalifu huzibadilisha zinapofika milimita 3. Unene peke yake hautoshi. Muhimu ni umbo. Pedi ya ndani ikiwa imeisha kuliko ya nje, shuku pistoni isiyorudi au pini ambazo kalipa inatelezea juu yake zimekwama. Pedi iliyoliwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mara nyingi inaonyesha pini moja iliyokwama na nyingine nzima. Zitoe pini: zinapaswa kuteleza kwa mkono, na mpira unaozikinga usiwe na ufa. Zikisafishwa, zipakwe grisi ya silikoni au ile iliyotengenezwa kwa pini za breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na pini iliyopakwa leo kwa nia njema itakwama tena baada ya muda mfupi. Nadhani hii ni mojawapo ya sababu kubwa za breki zetu kurudia tatizo, na ni ya bei nafuu kuepuka.

Diski huwa imegongwa namba ya unene wa chini unaoruhusiwa. Ipime sehemu kadhaa kuizunguka, kwa sababu tofauti ya unene ya sehemu mbili za mia za milimita tu (mm 0.02) yaweza kuleta mtetemo. Anayebadilisha diski na kuona mtetemo unarudi baada ya kilomita elfu chache asafishe kutu kwenye uso wa kitovu ambapo diski inakaa, na nati za gurudumu zikazwe kwa nguvu sawa, kwa mfuatano wa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji nguvu ya kukaza ya nyutonimita (Nm) 103. Mtu anayesimama juu ya spana ili nati "zishike" anaipinda diski polepole.

Nyuma, kwenye magari yenye drami (breki za ngoma badala ya diski), kagua kama brekishuu, yaani vibao vyenye vitambaa vinavyosugua ndani ya drami, zimerekebishwa karibu na drami na kama kebo ya hendibreki inarudi yenyewe. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu vitambaa vya zamani na vile visivyojulikana vilikotengenezwa vinaweza kuwa na asbesto. Loweka kwa maji yenye sabuni, ufute. Petroli isitumiwe kuosha, kwa kuwa huharibu mipira. Kalipa isining'inizwe kwenye hozi yake, na pedeli isikanyagwe hata kidogo kalipa ikiwa imetolewa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inafanywa gari likiwa limepoa. Kalipa inayokwama ikiwa na moto tu itaonekana nzima, na hozi iliyoziba ndani haitaonekana kabisa. Inamfaa mtu mwenye vifaa, mahali salama, na dalili zinazoacha alama: mlio, mtetemo, pedi kuisha upande mmoja.

Njia ya tatu: kupima presha ya mafuta

Njia hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naona ndiyo yenye majibu mengi kwa tatizo linalorudia. Swali lake ni kwa nini: je, gurudumu limekwama kwa sababu ya chuma, au kwa sababu presha ya mafuta imenaswa na hairudi?

Fanya jaribio hili wakati gurudumu limekwama, yaani mara tu baada ya safari ya njia ya kwanza, ukiwa umevaa miwani na glavu. Inua gurudumu, hakikisha halizunguki, kisha fungua nipo, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo, kidogo tu, ikiwa na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa, na kalipa haina kosa. Gurudumu likibaki limekwama, shida ni pistoni, pini, au kebo ya hendibreki ikiwa ni gurudumu la nyuma, na hapo ndipo njia ya pili inapohitajika.

Presha ikiwa imenaswa, tafuta imenaswa wapi. Siku nyingine tatizo likijirudia, legeza kiungo cha bomba la chuma juu ya hozi badala ya nipo. Gurudumu likikataa kuachia hapo lakini likaachia nipo ilipofunguliwa, hozi imevimba ndani: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini yakishapita hayana nguvu ya kurudi. Hozi ya namna hiyo ikiachwa, kila kalipa mpya utakayofunga itaungua. Likiachia ukilegeza juu, chanzo kiko mbele zaidi, kwenye masta silinda (inayosukuma mafuta pedeli inapokanyagwa), busta (inayoongeza nguvu ya mguu) au kifaa cha ABS (kinachozuia magurudumu yasijifunge). Magurudumu mawili au zaidi yakikwama pamoja, legeza kidogo nati mbili zinazoshikilia masta silinda kwenye busta, ili masta silinda isogee mbele milimita chache. Yakiachia, fimbo ya kusukuma ni ndefu kupita kiasi na huikanyaga breki daima bila mguu wako, jambo linalotokea hasa baada ya kubadilisha busta au masta silinda bila kurekebisha.

Kwa pedeli laini kuna majaribio yasiyohitaji kufungua kitu. Kanyaga mara kadhaa haraka: ikipanda na kuwa ngumu, kuna upepo kwenye mabomba, au brekishuu za nyuma ziko mbali na drami, na hapo kutoa upepo mara kumi hakutasaidia. Washa injini, kanyaga kwa nguvu isiyobadilika kwa nusu dakika: pedeli ikizama polepole na mafuta hayapungui popote, mipira ya ndani ya masta silinda inapitisha. Busta nayo hupimwa injini ikiwa imezimwa: kanyaga hadi pedeli iwe ngumu, ishikilie, uwashe injini, inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, angalia busta na hozi yake ya hewa.

Mafuta yenyewe huzeeka kwa kunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji ya kama asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Dereva anayeshuka kutoka Kapchorwa, au kwenye miteremko ya Kabale na Kisoro, akakuta pedeli imelegea chini ya mlima kisha imekuwa nzuri baada ya kupumzika, mafuta yake yamechemka. Akikuta pedeli ngumu lakini gari halisimami, ni pedi zilizopata moto kupita kiasi, na dawa ni tofauti kabisa: gia ndogo na pedi bora. Mafuta hununuliwa kwenye kopo dogo lililofungwa. Lile lililo wazi dukani tangu mwezi uliopita limeshanyonya unyevu. Na ukifungua tanki la mafuta ya breki ukakuta mpira wa kifuniko umefura na kujikunja, mtu alimwaga oili ya injini au ya usukani humo, na mipira yote ya mfumo mzima iko hatarini. Gari hilo halitapona kwa kubadilisha kalipa moja moja.

Vifaa ni vichache: spana inayoshika nati ya bomba karibu pande zote, mpira mwembamba, chupa, mafuta mapya, na mtu wa pili wa kukanyaga. Hatari ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nipo yenye kutu hukatika, mafuta huharibu rangi ya gari na kuunguza macho, na hewa ikiingia gari lisiendeshwe mpaka itolewe. Kuzibana hozi kuukuu kwa koleo, kama wengine wanavyofanya ili kutenga gurudumu moja, sikushauri, kwa sababu huzipasua ndani na kuongeza tatizo ulilokuwa unalitafuta. Njia hii inamfaa mtu anayejua tayari ni gurudumu gani, ambaye amewahi kutoa upepo kwenye breki, na mwenye siku nzima bila haja ya gari.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Gurudumu moja likipata moto mara kwa mara ingawa pedi ni mpya, anza na joto, fuatia na nipo papo hapo likiwa bado limekwama, na ufungue kalipa mwisho. Mpangilio huu ni kinyume na desturi ya gereji nyingi, ambako kalipa hufunguliwa kwanza.

Pedeli laini inayorudi baada ya kutolewa upepo haihitaji kipimajoto. Anza na majaribio ya pedeli, kisha fungua drami za nyuma kabla ya kununua masta silinda, kwa sababu kurekebisha brekishuu ni kazi ya bei ndogo.

Mtetemo na milio ni kazi ya njia ya pili tangu mwanzo. Gari linalovuta upande mmoja lianze barabarani, lakini pima upepo wa matairi kwanza.

Aliye mbali na mji, ambaye vipuri vyake hutoka Kisekka au Ndeeba, Kampala, kwa basi, atafaidika kuliko mwingine yeyote kwa kutenganisha hozi na kalipa kabla ya kuagiza, maana kalipa iliyonunuliwa bila sababu hairudishwi kirahisi. Asiyejiamini kufungua mfumo wa mafuta afanye njia ya kwanza peke yake, aandike kilomita alizokwenda, joto la kila gurudumu na kama breki ilikuwa imekanyagwa, amkabidhi fundi karatasi hiyo, kisha amwombe afungue nipo gurudumu likiwa bado na moto. Fundi mzuri atashukuru kuipata.

Chochote kitakachobadilishwa, pedi na hozi zinunuliwe kwa jozi za ekseli moja, na safari ya joto irudiwe baada ya ukarabati, kwenye barabara ileile na kwa umbali uleule, kisha irudiwe tena baada ya wiki mbili kabla ya kukubali kwamba tatizo limekwisha.